Sura ya Sita: Kiungo Kiko Baiti ya Ngapi?

Katika lugha ya C, muundo ni kifungu cha data za aina mbalimbali zilizowekwa pamoja chini ya jina moja, na kila data iliyomo huitwa kiungo cha muundo huo. Programu inapokitaja kiungo kwa jina, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya C kuwa maagizo ya mashine, huliondoa jina hilo na kuweka mahali pake namba inayoonyesha kiungo kinaanzia baiti ya ngapi kutoka mwanzo wa muundo. Namba hiyo ndiyo ofseti. Katika sehemu kubwa ya kazi zake mwandishi wa programu haihitaji, kwa kuwa jina linamtosha. Lakini zipo kazi ambazo jina peke yake halifai, na katika kazi hizo wengi wamezoea kuikisia ofseti kwa kujumlisha ukubwa wa viungo vinavyotangulia, hesabu ambayo hutoa jibu sahihi kwenye mashine moja na jibu la uongo kwenye nyingine. Hoja ya sura hii ni kwamba ofseti ni jambo la kuulizwa kompaila, halikisiwi, na kwamba makro iliyobuniwa ili kuuliza swali hilo, ambayo wengi huichukulia kuwa chombo cha kusomea data, hufaa zaidi inapotumiwa kukagua.

Kaunti ya Kajiado inalipa suala hili uzito usioonekana katika vitabu vya mafunzo. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi haina uzio upande wake wa kusini, na kutoka huko wanyamapori huvuka mto Mbagathi na kuingia katika nyanda za Kitengela na Kapiti, ambako malisho yamekuwa yakigawanywa kuwa ploti za kuuzwa, nyumba za kupangisha na mashamba yaliyozungushiwa nyaya. Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa na wakazi huko Kitengela baada ya kuvamia mifugo, na mwezi Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi na askari wa wanyamapori huko Isinya, baada ya kutoka hifadhini na kumjeruhi mtu. Kusini zaidi, chini ya Kilimanjaro, tembo dume wa Amboseli aliyeitwa Tim, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi na ambaye alikuwa na mazoea ya kuingia mashambani, alivishwa kola ya kufuatilia nyendo mwezi Septemba 2016 ili walinzi waweze kumgeuza kabla hajayafikia mazao, akaishi hadi Februari 2020 alipokufa kifo cha kawaida. Katika visa vyote hivi, tofauti kati ya mnyama aliye hai na mnyama aliyeuawa, au kati ya mkulima aliyevuna na aliyepoteza msimu, hutegemea kujua mnyama yuko wapi wakati huu, wala si jana.

Kola ya kufuatilia mnyama huwa na kipokezi cha GPS, betri, redio ya kutuma taarifa kwa njia ya setilaiti au ya mtandao wa simu, na prosesa ndogo inayoviunganisha vyote, ambayo programu yake kwa kawaida huandikwa kwa C kwa sababu lugha hiyo hutumia kumbukumbu na umeme kidogo. Taarifa ya mahali alipo mnyama hupita katika mikono mingi kabla ya kuonekana kwenye skrini ya mlinzi: kipokezi huipa prosesa ya kola mfuatano wa baiti, prosesa huziweka katika rekodi yake, redio huirusha rekodi hiyo, na seva iliyoko mjini huipokea na kuifungua. Kila mkono hupaswa kujua longitudo inaanzia baiti ya ngapi na latitudo inaanzia baiti ya ngapi, kwa maana baiti zenyewe hazina majina.

Mfano halisi wa jambo hilo ni ujumbe uitwao NAV-PVT, unaotolewa na vipokezi vya kampuni ya u-blox ya Uswisi, ambavyo vimeenea sana katika vifaa vya kufuatilia magari na wanyama. Mwili wa ujumbe huo una baiti 92, na kitabu cha maelezo cha kampuni hakiuelezi kwa sentensi bali kwa jedwali ambalo safu yake ya kwanza ni ofseti: saa ya wiki ya GPS iko baiti ya 0, mwaka uko baiti ya 4, mwezi uko baiti ya 6, idadi ya setilaiti zilizotumika iko baiti ya 23, longitudo iko baiti ya 24, latitudo iko baiti ya 28. Longitudo na latitudo huandikwa kwa namba nzima za biti 32 ambazo kila kizio chake ni sehemu moja ya milioni kumi ya nyuzi, hivyo mji wa Kitengela, ulioko karibu na nyuzi 36.96 mashariki na nyuzi 1.47 kusini, huandikwa kwa namba 369600000 na -14700000. Ikumbukwe kuwa longitudo imetangulia latitudo, ilhali katika mazungumzo na katika ramani nyingi latitudo ndiyo hutajwa kwanza. Programu iliyoandikwa kwa mazoea hayo, ikachukua latitudo kutoka baiti ya 24 na longitudo kutoka baiti ya 28, itamchukua simba wa Kitengela na kumweka katika maji ya Bahari ya Mediterania, kati ya Hispania na Algeria, bila onyo lolote, kwa sababu namba zote mbili ni halali na sehemu hiyo ya dunia ipo.

Kosa hilo angalau huonekana mara moja kwa yeyote anayetazama ramani. Lililo gumu zaidi ni lile linalotokana na namna kompaila inavyopanga viungo katika kumbukumbu, kwa kuwa hapo mwandishi wa programu huwa amezipanga data zake kwa usahihi na bado akapata jibu lisilo sahihi. Ichukuliwe rekodi ifuatayo, ambayo ni ndogo kiasi cha kuweza kutumwa mara nyingi bila kumaliza betri:

    struct rekodi {
        uint8_t  kola;
        uint32_t wakati;
        int32_t  longitudo;
        int32_t  latitudo;
        uint8_t  betri;
    };

Anayejumlisha ukubwa wa viungo atapata baiti 14: moja ya namba ya kola, nne za wakati, nne za longitudo, nne za latitudo na moja ya hali ya betri. Kwa hesabu hiyo longitudo inaanzia baiti ya 5 na latitudo baiti ya 9. Kwenye prosesa za biti nane za familia ya AVR, ambazo zinapatikana katika bodi nyingi za Arduino zinazotumiwa na wanafunzi na wabunifu wa Afrika Mashariki, hesabu hiyo ni sahihi kabisa, kwani prosesa hizo huchota kumbukumbu baiti moja moja na hazijali namba kubwa imeanzia wapi. Kwenye seva za kawaida za biti 64 hali ni nyingine. Huko kompaila hutaka namba ya baiti nne ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa nne, na kati ya kola na wakati huingiza baiti tatu zisizo na kazi, ziitwazo baiti za kujazia. Wakati huanzia baiti ya 4, longitudo ya 8, latitudo ya 12, betri ya 16, kisha baiti nyingine tatu za kujazia huongezwa mwishoni ili, rekodi nyingi zinapopangwa kwa safu, kila moja ianze mahali panapostahili. Muundo uleule, ulioandikwa kwa herufi zilezile, sasa una baiti 20. Ni sawa na mpimaji ardhi aliyeagizwa kwamba kila ploti kubwa ya Kitengela ianze kwenye alama ya mpaka ya nne, ya nane au ya kumi na mbili tu, naye akalazimika kuacha vipande visivyo na mwenyewe kati ya ploti na ploti.

Prosesa ya kola inapozituma baiti zake 14 jinsi zilivyo, na seva ikazipokea na kuzifunika kwa muundo wake wa baiti 20, seva itaitafuta longitudo kwenye baiti ya 8, mahali ambapo pamekaa baiti ya mwisho ya longitudo halisi ikifuatwa na baiti tatu za kwanza za latitudo. Kwa mnyama aliye Kitengela namba itakayosomeka ni 531767318, yaani nyuzi 53.18, na latitudo itakuwa mchanganyiko wa baiti ya mwisho ya latitudo, hali ya betri, na chochote kilichokuwa kumbukumbuni baada ya rekodi kwisha. Betri inapopungua, mnyama ataonekana anahama.

Linaongezeka hapo suala la mpangilio wa baiti ndani ya namba moja. Mashine nyingi za leo huweka baiti ndogo mbele, ambapo longitudo ya Kitengela huandikwa, kwa hesabu ya msingi wa 16, 00 A6 07 16. Mashine nyingine, na itifaki za mtandao kwa desturi, huanza na baiti kubwa. Namba za Kitengela zikisomwa kinyumenyume hutoa longitudo 1.09 mashariki na latitudo 54.85 kaskazini, ambayo ni Bahari ya Kaskazini, mashariki ya pwani ya Uingereza. Ofseti sahihi haiokoi chochote hapa, na jambo hilo litarejewa baadaye.

Swali linavyoulizwa

Katika C ya awali, ambayo Dennis Ritchie aliijenga katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, jina la kiungo lilikuwa karibu sawa na ofseti yenyewe. Kompaila ya wakati huo haikudai kwamba kiungo kitumiwe na muundo wake tu. Jina la kiungo lingeweza kuwekwa baada ya kielekezi chochote, yaani kigezo kinachobeba anwani ya kumbukumbu, au hata baada ya namba tupu, na kompaila ingejumlisha umbali na kusoma. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, swichi za paneli ya mashine ya PDP-11 zilisomwa kwa kuandika namba ya anwani ikifuatwa na mshale na jina la kiungo. Uhuru huo ulifungwa kadiri lugha ilivyokua na aina za data zilivyochukuliwa kwa uzito, jambo lililokuwa la lazima. Lakini pamoja na uhuru huo ilipotea njia ya moja kwa moja ya kuijua ofseti, na watu waliokuwa wakiihitaji walilazimika kutafuta mlango wa nyuma.

Mlango uliopatikana ulikuwa makro, yaani kifupisho ambacho hubadilishwa kuwa maandishi marefu zaidi kabla kompaila haijaanza kazi yake. Umbo lake mashuhuri ni hili:

    #define OFSETI(aina, kiungo) \
        ((size_t) &((aina *)0)->kiungo)

Maana yake ni kwamba kompaila inaombwa ijifanye kuwa kuna muundo wa aina hiyo kwenye anwani sifuri, kisha itoe anwani ya kiungo cha muundo huo. Kwa kuwa mwanzo wa muundo ni sifuri, anwani ya kiungo na ofseti yake ni namba moja. Hakuna kumbukumbu inayosomwa, kwa sababu alama ya & huomba anwani tu na haigusi kilichomo. Ni ujanja wa kupendeza, na kwenye mashine nyingi ulitoa jibu sahihi kwa miaka mingi, jambo lililowafanya wengi wauamini kuliko unavyostahili.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba sifuri iliyogeuzwa kuwa kielekezi si anwani sifuri kwa lazima. C huiita sifuri hiyo kielekezi tupu, ikimaanisha kielekezi kisichoelekeza popote, na kila mashine iko huru kukiwakilisha kwa namna yake. Mashine za Prime za mfululizo wa 50 zilikiwakilisha kwa sehemu ya kumbukumbu yenye namba 07777 katika hesabu ya msingi wa 8, na kwenye mashine ya namna hiyo anwani ya kiungo ikigeuzwa kuwa namba haitoi umbali kutoka sifuri. Udhaifu wa pili ni kwamba hata anwani yenyewe si lazima ihesabiwe kwa baiti. Kompyuta kubwa za Cray zilihesabu anwani kwa maneno ya biti 64, na kielekezi cha herufi kililazimika kubeba mahali pa herufi ndani ya neno katika biti zake za juu. Aliyeuliza ofseti kwa ujanja wa sifuri alijibiwa kwa maneno wakati alipotaka baiti.

Tatizo hilo halikubaki la nadharia. Mfumo wa madirisha wa X, uliozaliwa katika chuo cha MIT, ulikuwa na maktaba iitwayo Xt, ambamo kila kifaa cha skrini, kama kitufe au menyu, kilieleza sifa zake kwa jedwali, na kila mstari wa jedwali ulibeba ofseti ya kiungo ambamo sifa hiyo ingehifadhiwa. Maktaba hiyo ilikuwa na makro yake, XtOffset, na faili lake la vichwa liliandika fasili kadhaa za makro hiyohiyo, mojawapo ikiwa ya Cray-2 ambayo ilizidisha jibu kwa ukubwa wa namba nzima ili maneno yageuke baiti. Mwenye kulisoma faili hilo leo huona watu waliokubali kwamba hakuna fasili moja itakayofaa kila mahali, wakaamua kuzikusanya zote mahali pamoja ili programu zao zisiguswe. Uamuzi huo unastahili heshima kubwa kuliko ujanja wa sifuri wenyewe.

Ingewezekana kuuliza kwa njia isiyo na shaka yoyote: kutengeneza rekodi halisi, kuchukua anwani ya kiungo na anwani ya rekodi, kuzigeuza zote mbili kuwa vielekezi vya herufi na kutoa moja kwa nyingine. Njia hiyo ni halali kwenye kila mashine, ila inahitaji kitu halisi kiwepo kumbukumbuni, na jibu lake halikubaliki pale ambapo lugha hudai namba inayojulikana kabla programu haijaanza, kama vile ukubwa wa safu. Ndiyo sababu haikuweza kuchukua nafasi ya makro.

Kamati iliyosanifisha C nchini Marekani ililitatua jambo hilo mwaka 1989 kwa namna ya busara. Badala ya kuchagua mojawapo ya maumbo yaliyokuwepo, iliagiza kwamba kila kompaila ije na makro iitwayo offsetof katika faili la vichwa stddef.h, itoe jibu kwa baiti, na jibu hilo liwe namba isiyobadilika inayojulikana wakati wa kukompaili. Maelezo yaliyoambatana na kiwango yalionyesha maumbo kadhaa yanayoweza kutumika ndani yake na kueleza kwamba haikuwezekana kulilazimisha hata moja liwe halali kila mahali. Kiwango hicho kilipitishwa na shirika la ISO mwaka 1990. Kwa hiyo ujanja wa sifuri ukiandikwa na mtengenezaji wa kompaila ndani ya stddef.h ni halali, kwa sababu yeye anaijua mashine yake na anaijua kompaila yake. Ukiandikwa na mtu mwingine katika programu yake ni tabia isiyofafanuliwa, maneno ambayo katika kiwango cha C humaanisha kwamba kompaila haina wajibu wowote kuhusu matokeo. Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa ya kisheria tu. Hata hivyo kompaila za kisasa hujenga hoja ndefu juu ya mambo ambayo programu halali haiwezi kuyafanya, zikifuta ukaguzi unaoonekana kuwa hauna haja, na kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2005 kompaila iitwayo GCC yenyewe iliacha ujanja huo na kuweka swali ndani ya kompaila, kwa jina __builtin_offsetof. Ikiwa waliotengeneza kompaila waliukimbia, mwandishi wa programu ya kola hana sababu ya kubaki nao.

Kurudi nyuma kutoka kwenye kiungo

Matumizi ya offsetof yaliyoenea kuliko yote hayahusu data inayosafiri. Katika kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991 na ambacho ndicho msingi wa simu za Android, orodha za vitu hujengwa kwa kuweka ndani ya kila muundo kiungo kidogo chenye vielekezi viwili, cha mbele na cha nyuma. Orodha huunganisha viungo hivyo vidogo bila kujua vimo ndani ya nini. Kiini kinapotaka muundo mzima, huchukua anwani ya kiungo na kuipunguzia ofseti yake, na kufika mwanzo wa muundo. Makro inayofanya hivyo huitwa container_of. Kila simu ya Android inayotumiwa katika stendi ya Kitengela kutuma pesa au kupokea ujumbe hufanya hesabu hiyo mara nyingi kila sekunde. Hapa ofseti imo nyumbani kwake: muundo umetengenezwa na kompaila moja, unasomwa na programu hiyohiyo, kwenye mashine hiyohiyo, na chochote ambacho kompaila imeamua kuhusu baiti za kujazia, jibu la offsetof linakijua.

Data inayotoka nje ya mashine haina bahati hiyo. Kumbukumbu ya rekodi ya kola ikirushwa jinsi ilivyo, offsetof ya seva hueleza mpangilio wa seva tu, wala haina habari ya prosesa iliyofungwa shingoni mwa tembo. Wengi hukimbilia agizo la kufungasha, ambalo huiambia kompaila isiweke baiti za kujazia, lakini agizo hilo halimo katika kiwango cha C, huandikwa kwa namna tofauti na kompaila tofauti, haliugusi mpangilio wa baiti ndani ya namba, na kwenye prosesa ndogo kama ARM Cortex-M0, ambayo haiwezi kusoma namba ya baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne, kielekezi kilichochukuliwa ndani ya muundo uliofungashwa kinaweza kuisimamisha programu nzima. Kola iliyosimama haina mtu wa kuiwasha upya. Mnyama hulazimika kulazwa kwa dawa tena, na daktari wa wanyama, gari na pengine ndege hugharimiwa kwa ajili ya baiti tatu.

Njia iliyo salama ni kuandika na kusoma baiti moja moja, kwa ofseti zilizokubaliwa kwenye karatasi na si kwa zile zilizochaguliwa na kompaila:

    uint32_t soma32(const uint8_t *b) {
        return (uint32_t)b[0]
             | (uint32_t)b[1] << 8
             | (uint32_t)b[2] << 16
             | (uint32_t)b[3] << 24;
    }

Kazi hii haiulizi mashine inaanza na baiti ipi wala inahitaji anwani gani. Longitudo ya Kitengela ikiwa katika baiti 00 A6 07 16, itatoa 369600000 kwenye AVR, kwenye Cortex-M0 na kwenye seva, na kompaila nzuri huigeuza kuwa agizo moja tu pale ambapo mashine inaruhusu.

Offsetof hubaki na kazi yake, nayo ni kukataa. Mahali ambapo kwa sababu ya kasi au ya programu za zamani mtu ameamua kutegemea mpangilio fulani, anaweza kuandika tegemeo hilo waziwazi, na tangu kiwango cha C cha mwaka 2011 lugha ina tamko la kufanya hivyo:

    _Static_assert(offsetof(struct rekodi, latitudo) == 12,
                   "latitudo haiko baiti ya 12");

Kwenye seva mstari huu haufanyi lolote. Kwenye AVR kompaila hukataa kuendelea na kutoa maneno hayo ya Kiswahili, kabla kola haijafungwa shingoni mwa mnyama yeyote. Kabla ya mwaka 2011 kazi hiyohiyo ilifanywa kwa kutangaza safu ambayo ukubwa wake ni 1 kama sharti limetimia na -1 kama halikutimia, kwa kuwa hakuna kompaila inayokubali safu ya ukubwa hasi, na hapo ndipo linapoonekana kwa nini kamati ya mwaka 1989 ilidai jibu la offsetof lijulikane wakati wa kukompaili. Bila sharti hilo ukaguzi ungesubiri mpaka programu iwe tayari inafanya kazi porini.

Mahali ambapo hakuna ofseti

Lipo eneo moja ambako offsetof haijibu kabisa. C huruhusu kiungo kupewa idadi ya biti badala ya baiti, na kiungo cha namna hiyo, kwa kuwa kinaweza kuanzia katikati ya baiti, hakina anwani. Kuuliza ofseti yake ni tabia isiyofafanuliwa. Wala kiwango hakisemi biti zipangwe kutoka juu kwenda chini au kutoka chini kwenda juu, bali huiachia kila kompaila iamue.

Mifugo ndiyo inayoleta mfano ulio wazi. Wamasai wa Kajiado wamewatambua ng'ombe wao kwa mikato ya masikio na kwa chapa za moto zinazotofautisha koo, na utambuzi wa kielektroniki umekuja juu ya desturi hiyo. Kiwango cha ISO 11784, kinachotumika duniani kwa hereni za masikioni na vibonge vya redio, huweka utambulisho wa mnyama katika biti 64: biti ya kwanza husema kama ni mnyama au si mnyama, biti ya 17 hadi ya 26 hubeba namba ya nchi, na biti ya 27 hadi ya 64 hubeba namba ya mnyama mwenyewe. Namba ya Kenya ni 404, ambayo katika biti kumi huandikwa 0110010100, na biti 38 zinazobaki zinatosha wanyama zaidi ya bilioni 274, idadi inayozidi mahitaji ya nchi yoyote. Mpaka kati ya nchi na mnyama hauangukii mwanzo wa baiti, hivyo anayeeleza hereni hiyo kwa muundo wa viungo vya biti huwa ameiachia kompaila iamue ng'ombe ni wa nchi gani. Ugumu huongezeka kwa sababu katika mtindo wa mawasiliano uitwao FDX-B, unaoelezwa na kiwango pacha cha ISO 11785, hereni hutuma biti ndogo mbele, ikianza na namba ya mnyama na kufuatisha ya nchi, na kila baada ya biti nane huingiza biti moja ya kudhibiti isiyo sehemu ya data.

Baada ya biti za kudhibiti kuondolewa na biti 64 kukusanywa katika namba moja, namba za nchi na za mnyama hupatikana kwa kusogeza na kuchuja tu:

    uint64_t nchi   = (t >> 38) & 0x3FF;
    uint64_t mnyama = t & 0x3FFFFFFFFFULL;

Kusogeza kwa >> hufanya kazi juu ya thamani ya namba, wala si juu ya namna ilivyohifadhiwa, na kwa hiyo mistari hii miwili hutoa 404 kwa ng'ombe aliyesajiliwa kwa namba ya Kenya, iwe kisomaji kimeshikwa mkononi kwenye zizi la Kajiado au faili limefunguliwa miaka kadhaa baadaye kwenye kompyuta ya aina ambayo bado haijatengenezwa.